Nairuzi: Mwaka Mpya Unaolindwa Nyumbani

Ndugu msomaji, yapata wiki mbili kabla ya mwaka wao kwisha, akina mama wa Kiajemi huanza kazi moja ndogo ambayo mgeni anaweza asiitambue. Mama hutwaa sahani pana, akatandaza humo ngano au adesi aliyoiloweka mpaka ikaanza kupasuka, akaifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kuiweka karibu na dirisha. Kila kukicha huinyunyizia maji. Nje kungali baridi, na milima ya Alborz, inayoutazama mji wa Tehran kutoka kaskazini, ingali imevaa theluji. Lakini pale dirishani kijani kinaanza kuchomoza, na watoto, ambao subira si sifa yao, hupita kila mara kuchungulia kimefikia wapi.

Sahani hiyo ya ngano ndiyo mlango wa sikukuu kongwe ya Uajemi, nchi iitwayo leo Irani. Ilikuwako kabla ya Uislamu kufika huko katika karne ya saba, ikabaki baada ya Uislamu kufika. Waajemi huiita Nouruz, maana yake "siku mpya". Pwani yetu jina hilo si geni. Wazee wetu walilitamka Nairuzi, nasi tutalitumia hivyo hivyo hapa.

Wafalme wamekuja na kuondoka, himaya zimeinuka na kuanguka, na serikali kadha wa kadha zimejaribu kuizima sikukuu hii. Hata hivyo haikuzimika. Ni nani basi aliyekuwa mlinzi wake muda wote huo? Tuifuate ile sahani ya ngano, huenda ikatuonyesha.

SAA YA MWAKA KUGEUKA

Sisi tunaokaa karibu na Ikweta hatuoni ajabu usiku na mchana kulingana, kwani kwetu hutofautiana kidogo tu mwaka mzima. Huko Tehran mambo ni mengine. Mwezi wa Desemba mchana haufiki saa kumi. Kisha hurefuka kidogo kidogo mpaka tarehe 20 au 21 Machi, jua linapovuka Ikweta kuelekea kaskazini, na usiku na mchana hukaribia kuwa sawa. Wakati huo, ambao huku kwetu mkulima anatazama mawingu akingoja masika, ndio mwanzo wa majira ya kuchipua kule, na ndio mwanzo wa mwaka.

Jambo la kuvutia ni kwamba Waajemi hawangoji saa sita ya usiku kama wafanyavyo wenye kufuata Januari. Mwaka huingia pale pale jua linapovuka mstari, na wataalamu wa nyota huikokotoa saa hiyo hadi sekunde yake. Mwaka 2023 saa hiyo ilifika Tehran saa sita na dakika 54 usiku. Mwaka 2024 ikafika saa kumi na mbili na dakika 36 asubuhi, na mwaka 2025 saa sita na dakika 31 mchana. Kwa hiyo kuna mwaka ambapo watoto huamshwa usiku wa manane, macho yao yakiwa mazito kwa usingizi, wakavishwa nguo mpya na kuketishwa pamoja na wazazi wao kuungoja mwaka. Na kuna mwaka ambapo huungoja na njaa ya mchana.

Bila shaka umekwisha kuona kwamba kila mwaka saa hiyo husogea mbele kwa karibu saa sita. Sababu yake ni kuwa mwaka wa jua si siku 365 kamili, bali ni siku 365 na karibu robo ya siku. Naomba uikumbuke robo hiyo, maana itatufaa mbele ya safari yetu.

Waajemi waliishughulikia robo hiyo kwa makini makubwa. Mwaka 1079, katika enzi ya Sultani Malik Shah, wataalamu waliitengeneza upya kalenda ya nchi ili Nairuzi isitoke tena katika majira yake. Miongoni mwao alikuwamo Omar Khayyam, ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa ushairi wake kuliko kwa hesabu zake. Kalenda inayotumika Irani hivi sasa iliwekwa kwa sheria mwaka 1925, nayo inafuata msingi ule ule. Huhesabu miaka kuanzia Hijra ya Mtume, ila kwa jua badala ya mwezi. Na kwa hesabu hiyo mwaka ulioingia Machi 2025 ulikuwa wa 1404.

NYUMBA HUTIKISWA

Kabla ya saa hiyo kufika, nyumba nzima hupinduliwa. Waajemi wana neno la kazi hiyo ambalo maana yake ni "kuitikisa nyumba". Mazulia hutolewa nje yakafuliwa na kuanikwa, mapazia hushushwa, makabati hufunguliwa, na vyombo visivyoguswa mwaka mzima huoshwa. Asili ya jambo hili ni ya kale. Waajemi waliofuata mafundisho ya Zarathustra waliamini kwamba mwaka unapokaribia kwisha, roho za marehemu huja kuwazuru jamaa zao. Nani basi angependa kuwapokea wazee wake katika nyumba yenye buibui? Hata leo familia nyingi huenda makaburini katika Alhamisi ya mwisho ya mwaka, wakaosha mawe ya makaburi na kuwaombea waliotangulia.

Hapa yafaa tuseme ukweli. Kazi hiyo ya kuitikisa nyumba kwa muda mrefu imewaelemea akina mama, na wengi wao huufikia mwaka mpya migongo ikiwauma. Enyi akina baba, wa huko na wa huku, sikukuu isiyompumzisha mama ni nusu ya sikukuu.

Jioni ya kuamkia Jumatano ya mwisho wa mwaka huwashwa mioto midogo viwanjani na vichochoroni. Wakubwa kwa wadogo huiruka, wakiuomba moto uchukue umanjano wa maradhi yao na uwaachie wekundu wake, yaani afya na nguvu. Siku hizi baadhi ya vijana wameongeza fataki na baruti, na kila mwaka wapo wanaoungua na hata kupoteza maisha. Tutakuja kuzungumza juu ya mambo ya namna hiyo.

MEZA YA SINI SABA

Waliosoma chuoni wataikumbuka herufi ya sini, ile yenye meno matatu. Waajemi nao huandika kwa herufi za asili ya Kiarabu, na saa ya mwaka inapokaribia hutandika kitambaa wakapanga juu yake vitu saba ambavyo majina yake kwa lugha yao huanza kwa herufi hiyo.

Cha kwanza ni ile ngano yetu iliyochipua, ambayo sasa ni bustani ndogo ya kijani iliyofungwa utepe. Hiyo ni alama ya uhai kuzaliwa upya. Cha pili ni samanu, chakula kitamu kizito kinachopikwa kwa ngano iliyooteshwa, pasipo kutiwa sukari hata kidogo, na kukorogwa kwa saa nyingi. Cha tatu ni senjedi, tunda dogo kavu linalofanana na tende. Cha nne kitunguu saumu, kwa ajili ya afya. Cha tano tufaha. Cha sita sumaki, ambayo si ile sumaku ivutayo chuma, bali ni kiungo chekundu chenye ukali kama wa ukwaju. Cha saba ni siki, ambayo husemwa ni alama ya umri na subira, kwa kuwa siki haipatikani kwa haraka. Pengine huongezwa sarafu na maua, na pembeni huwekwa kioo, mishumaa, mayai yaliyopakwa rangi, na kitabu: nyumba nyingi huweka Kurani, nyingine diwani ya mshairi Hafez, na nyingine vyote viwili.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi vitu hivyo vilivyo vya kawaida. Siki, kitunguu saumu na ngano ni vitu vya jikoni. Ni kweli kwamba njugu, nguo mpya na peremende za wageni zina gharama, na katika miaka hii ya bei kupanda wako akina baba wengi wa Irani wanaoikaribia Nairuzi kwa hofu. Lakini meza yenyewe haimfukuzi maskini. Mwenye nyumba ya ghorofa na mwenye chumba kimoja huketi mbele ya siki ile ile.

Saa inapofika watu hukumbatiana. Wakubwa huwapa wadogo noti mpya, ambazo aghalabu huwa zimehifadhiwa ndani ya kurasa za kitabu. Chakula kinachopendwa siku hiyo ni wali uliochanganywa na majani mabichi, ukaliwa kwa samaki. Kisha huanza kutembeleana, na utaratibu wake ni mmoja: wadogo huwaendea wakubwa kwanza, nao wakubwa huwarudishia ziara siku za mbele. Waliokosana hutakiwa wapatane kabla ya mwaka kuingia. Nyumba iliyofiwa katika mwaka uliopita haiachwi peke yake. Jamaa huifikia mapema, ili huzuni ya wafiwa isiingie mwaka mpya bila mwenzi.

Siku ya kumi na tatu hakuna anayependa kubaki ndani. Watu huchukua vyakula vyao wakaenda mashambani, bustanini na kando ya mito, na huko hukaa kutwa. Ile ngano, ambayo sasa imeanza kunyauka, hutupwa katika maji yaendayo. Wasichana ambao hawajaolewa hufunga mafundo katika majani huku wakinuia jambo moyoni. Na ni jambo gani, si vigumu kulikisia. Jioni watu hurudi mjini, na kesho yake shule hufunguliwa.

WALIOJARIBU KUIZIMA

Sikukuu hii si ya Irani peke yake. Huadhimishwa Azabajani, Afuganistani, Tajikistani, Uzbekistani na nchi nyingine za Asia ya Kati, na Wakurdi wa Uturuki, Iraki na Siria huiadhimisha kwa mioto mikubwa. Mwaka 2009 Shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitambua tarehe 21 Machi kuwa siku ya kimataifa ya Nairuzi.

Lakini heshima hizo zilikuja baada ya tabu. Katika jamhuri za Asia ya Kati zilizokuwa chini ya Urusi ya Kisovieti, sikukuu hii kwa miaka mingi ilitazamwa kama mabaki ya zamani yasiyofaa, na haikurudi hadharani kwa uhuru mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Huko Uturuki mioto ya Wakurdi ilikatazwa kwa muda mrefu, na katika sikukuu ya mwaka 1992 watu wengi waliuawa katika miji ya kusini mashariki ya nchi hiyo. Katika Irani yenyewe, baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, walikuwapo viongozi waliotaka watu waiache kwa kuwa asili yake ni ya kabla ya Uislamu. Wananchi hawakuiacha, na sikukuu ikabaki katika kalenda ya serikali. Afuganistani, utawala wa Taliban uliipiga marufuku kati ya mwaka 1996 na 2001, na waliporudi madarakani mwaka 2021 waliiondoa tena katika orodha ya sikukuu za taifa. Hata hivyo, mama wa Kiafugani anajua kuloweka matunda makavu ya aina saba majini, zabibu na lozi zikiwemo, mpaka maji yawe matamu kama sharubati. Hicho ndicho kinywaji chao cha mwaka mpya, na hakihitaji kibali cha serikali.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo tunapomwona mlinzi tuliyekuwa tukimtafuta. Gwaride laweza kukatazwa, uwanja waweza kufungwa, na likizo yaweza kufutwa kwa sahihi ya mtu mmoja. Lakini ni askari gani atakayeingia kila jiko kutazama ni sahani ipi ina ngano iliyolowekwa?

ROBO ILIYOSAHAULIWA

Sasa turudi kwenye ile robo ya siku. Nimetaja kwamba Waajemi walitengeneza kalenda yao mwaka 1079 ili sikukuu isihame. Lakini si wote waliofuata matengenezo hayo. Wapo walioendelea na mwaka wa kale wa siku 365 kamili, usioijali robo. Mwaka wa namna hiyo hurudi nyuma siku moja katika kila miaka minne. Na katika miaka mia moja hurudi nyuma siku kama 24.

Miongoni mwa waliobaki na hesabu hiyo ni Maparsi wa Bara Hindi, watu wa asili ya Kiajemi wanaofuata dini ya Zarathustra. Wengi wao mwaka mpya wao sasa huangukia mwezi wa Agosti. Unguja pia palikuwa na jamii yao ndogo, na mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa huko mwaka 1946, alitoka katika familia ya Kiparsi.

Wengine waliobaki nayo ni sisi wenyewe. Mwaka wa Nairuzi wa pwani yetu ni wa siku 365, nao umegawanywa katika miongo, kila mwongo ukiwa na siku kumi. Miongo 36 hutimiza siku 360, na siku tano zinazobaki huufunga mwaka. Kwa hesabu hiyo mabaharia walijua wakati wa pepo kugeuka, na wakulima walijua wakati wa kupanda. Na kwa kuwa robo ya siku haikutiwa hesabuni, Nairuzi yetu haikukaa Machi, bali imekuwa ikirudi nyuma taratibu, na katika miongo ya karibuni imekuwa ikiadhimishwa mwezi wa Julai. Ndiyo sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, kusini ya Unguja.

Jinsi ilivyofika huku ni habari ndefu. Wazee wa pwani husimulia juu ya wahenga waliotoka Shirazi, na wanahistoria walibishana kwa muda mrefu juu ya masimulizi hayo. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale waliozikwa katika miji ya pwani. Ulionyesha kwamba kiasi cha mwaka 1000 damu za Afrika na Asia zilianza kuchanganyika hapa: kwa upande wa akina mama walio wengi walikuwa Waafrika, na kwa upande wa akina baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Baba huenda alikuja na hesabu ya miongo, lakini nyumba ilikuwa ya mama, na lugha ya nyumba ilikuwa ya mama. Sikukuu iliyotaka kuishi hapa ilibidi ikae katika nyumba hiyo.

Nayo ilikaa. Tazama yanayofanyika Makunduchi. Wanaume hupigana kwa migomba, na chuki za mwaka mzima huishia hapo kiwanjani. Kibanda cha makuti huchomwa moto na aliyekuwamo hutoka salama. Akina mama huvaa nguo zao nzuri wakazunguka wakiimba. Zamani, katika miji mingi ya pwani, watu walikwenda alfajiri kuoga baharini, na ndiko lilikotoka neno kogwa. Na mpaka leo mgeni hukaribishwa kula, kwani si vizuri nyumba kuupokea mwaka bila mgeni. Moto, maji, usafi, kusameheana, kukaribisha wageni: sikukuu imeyapoteza majira yake ya kuchipua, lakini haikuyapoteza mambo hayo.

KULINDA NA KUCHUJA

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Maneno hayo ni ya kweli, ila kulinda mila hakuna maana ya kukumbatia kila kitu kilichomo. Waajemi wenyewe wanachuja. Wengi wameacha kununua wale samaki wadogo wekundu waliokuwa wakiwekwa mezani ndani ya bakuli, kwa sababu hufa kwa maelfu baada ya sikukuu. Vilevile yuko mchekeshaji wa mitaani aitwaye Haji Firuz, ambaye huvaa nguo nyekundu, hupaka uso wake rangi nyeusi, na kupiga tari ili watu wacheke. Wako wanaosema weusi huo ni masizi ya moto wa kale, na wako wanaosema ni kumbukumbu ya watumwa wa Kiafrika waliopelekwa Uajemi kwa njia ya bahari, ambao wajukuu wao wanaishi mpaka leo katika mikoa ya kusini ya Irani. Katika miaka ya karibuni Wairani wenyewe wamekuwa wakijadiliana kama inafaa kuendelea kumpaka mtu rangi hiyo. Sisi wasomaji wa Kiafrika hatuwezi kuupuuza mjadala huo, na ni vyema kwamba umeanza. Sikukuu isiyoweza kuchujwa huoza; inayochujwa huishi.

Lakini ili uchuje, sharti kwanza uwe nacho cha kuchuja. Je, nyumbani kwako tumebakiwa na nini? Wangapi miongoni mwa vijana wetu wa pwani wanaweza kutaja leo ni mwongo wa ngapi? Wazee walioijua hesabu hiyo kwa vidole wanazidi kupungua, na kila mmoja wao anapozikwa, kalenda moja huzikwa naye. Hakuna aliyeipiga marufuku hesabu ya miongo. Sisi tu ndio tuliacha kuuliza, na wao, kwa kuwa hawakuulizwa, wakanyamaza.

Basi, ndugu msomaji, kama kwenu yuko babu au bibi anayeijua, usingoje mpaka Julai. Mwendee leo pamoja na watoto, na mmoja wao achukue daftari na kalamu. Mwulize mwongo una jina gani, upepo gani huvuma ndani yake, na hupandwa nini. Mwache aseme polepole, na lolote atakalolisema liandikwe.